Kimeng'enya cha kuvu kinavyogandisha jibini: maswali ya wasomaji

*Pakiti ya reneti (kigandishi cha maziwa ya jibini) niliyonunua inasema haikutokana na mnyama. Imetoka wapi?*

Kwa kawaida imetoka kwenye kuvu iitwayo Rhizomucor miehei. Tangu zamani jibini liligandishwa kwa kimeng'enya, yaani protini inayokata protini nyingine, cha tumbo la nne la ndama anayenyonya. Mahitaji yalipozidi idadi ya ndama waliochinjwa, watafiti walitafuta chanzo kingine, na katika miaka ya 1960 Kei Arima na wenzake nchini Japani walieleza kimeng'enya cha namna hiyo kutoka kwa kuvu ya jamii ya karibu, Mucor pusillus. Kuvu hukuzwa katika matangi, nayo hutoa kimeng'enya ndani ya kimiminika ambacho huchujwa, hivyo huli kuvu yenyewe.

*Kama kinameng'enya protini, mbona maziwa yanaganda badala ya kuyeyuka?*

Swali hili limenifurahisha, kwa kuwa ndilo kiini cha jambo zima. Kazeini, protini kuu ya maziwa, huelea kama vitonge vidogo mno vilivyozungukwa na vinyweleo vya kapa-kazeini, ambavyo huvizuia visishikane. Kimeng'enya hukata kapa-kazeini mahali pamoja hasa, kati ya asidi amino (viungo vinavyounda mnyororo wa protini) ya 105 na ya 106. Vinyweleo vikishaanguka, vitonge hushikamana kwa msaada wa kalisi na kunasa mafuta na maji. Chomeka kisu kwenye mgando na uuinue taratibu: ukipasuka kwa ufa ulionyooka, na ufa ukajaa maji ya rangi ya kijani hafifu, basi uko tayari kukatwa.

*Nilitumia maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji, yakabaki uji. Je, reneti imeharibika?*

Huenda ni nzima. Joto kali la kiwandani hubandika protini nyingine za maziwa juu ya kapa-kazeini, na mgando ukawa dhaifu. Tumia maziwa mabichi uliyoyapasha hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha yapoe hadi kama 32 kabla ya kutia reneti. Izimue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu klorini ya bomba huidhoofisha.

*Je, utomvu wa papai bichi hautoshi, maana hulainisha nyama vizuri?*

Hautafaa. Papaini, kimeng'enya cha utomvu huo, hukata protini ovyo, kwa hiyo maziwa huganda kweli, lakini sehemu ya protini hupotea na maji na jibini huwa chungu.

*Jibini langu la reneti ya kuvu lilikuwa tamu mwanzoni, likawa chungu baada ya miezi minne. Nimekosea wapi?*

Kimeng'enya cha kuvu hukata kazeini kwa jumla zaidi kuliko cha ndama, na kile kinachobaki ndani ya jibini huendelea kukata polepole, kikizalisha vipande vichungu vya protini. Usizidishe kipimo cha pakiti ukidhani mgando utakuwa bora. Na kwa jibini la kuhifadhiwa miezi mingi, mimi ningechagua reneti ya ndama.