Presha Ikishuka Mgonjwa Akiwa na Homa, Msisubiri Kupambazuke

Katika kazi yangu ya uuguzi hapa Mombasa nimewapokea wazee wengi waliocheleweshwa nyumbani, si kwa kutojaliwa, bali kwa sababu jamaa waliona presha imeshuka, wakadhani mgonjwa amepungukiwa na chumvi, wakamnywesha soda na kungoja asubuhi. Mara nyingi chanzo kilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo.

Bakteria wanaoleta maambukizi hayo, kama E. coli, hubeba katika ukuta wao sumu iitwayo lipopolisakaraidi. Sumu hiyo haiishushi presha peke yake. Chembechembe nyeupe za damu zinapoitambua humwaga kemikali za uvimbe, zikiwemo TNF na intaleukini-1, na hizo ndizo huifanya mishipa itengeneze gesi ya naitriki oksidi kupita kiasi. Gesi hiyo huilegeza misuli ya mishipa, ikatanuka, na damu iliyokuwa ikitosha haitoshi tena kuijaza. Bradikinini, kemikali nyingine ya mwili, nayo huifanya mishipa midogo ivuje, majimaji ya damu yakapotelea kwenye tishu. Hapo chupa ya soda haifui dafu.

Ninalolisisitiza zaidi ni kwamba mwanzoni, kwa kuwa mishipa imetanuka, mikono ya mgonjwa huweza kuwa na joto zuri, na jambo hilo huwapumbaza watu. Tazameni pumzi zinazofika 22 au zaidi kwa dakika, maneno yasiyoeleweka, mkojo uliopungua, na namba ya juu ya presha iliyo 100 au chini yake. Mzee aliyezoea 160, akipimwa akapatikana na 110, mimi humhesabu kuwa hatarini vilevile. Ikiwa humeza dawa za kushusha presha, msimpe kabla hajaonwa na daktari. Njooni na pakiti zake.

Wengi huniuliza kwa nini tusizizuie kemikali zenyewe. Dawa za kuizuia TNF zilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii na matokeo yakavunja moyo, kwa hiyo tegemeo letu ni antibayotiki ya mshipani ndani ya saa 1, dripu, na noradrenalini ya kuibana mishipa iwapo dripu haikutosha. Yote haya hayapatikani sebuleni. Mnaoishi Likoni, wekeni mapema namba ya dereva wa kuaminika, na mkumbuke kuihesabu foleni ya feri katika saa hiyo moja.