Hazina isiyo na uchawi: wape kitu cha kubeba

Nilipoanza kuendesha Dungeons & Dragons nyumbani (mchezo wa mezani wa hadithi na dadu: mimi nasimulia, wenzangu wanaigiza wahusika), joka la kwanza lilipokufa nilitangaza kwa mbwembwe: "Mmepata sarafu 3,000 za dhahabu!" Mmoja akaandika 3,000 kwenye karatasi yake, akauliza, "Na upanga wa uchawi je?" Masaa manne ya mchezo yakaishia kwenye tarakimu.

Dhahabu yenyewe haikuwa na tatizo, ila niliitoa kama haina uzito. Kwa kanuni za toleo la tano, sarafu 50 ni ratili moja. Hizo 3,000 ni ratili 60, kilo 27 hivi, zaidi ya nusu ya gunia la mchele la kilo 50. Nani anabeba? Siku hizi nauliza hilo kabla sijataja thamani, na ubishi unaanza hapo hapo.

Hazina iliyotuchangamsha kuliko zote ilikuwa bonge la ambari. Sikulitaja jina. Nilisema tu kwamba ufukweni kuna kitu cha kijivu, kama jiwe lakini chepesi, kina harufu ya samadi iliyochanganyika na bahari. Mhusika wao mwizi akakipiga teke. Wakaondoka zao! Kufika mjini, mvuvi mmoja akawauliza kama wameliona, maana ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na wauza manukato huigombania kwa bei kubwa. Wakarudi mbio usiku, wakamkuta mzee amelikalia, anavuta kiko. Kumwondoa yule mzee bila kumwaga damu kulitula jioni nzima.

Mawazo yalipoanza kuniishia niliachana na ngome za Ulaya, nikaigeukia pwani yetu. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu, na bakuli za kauri kutoka China zilifika huku zikapachikwa hata kwenye makaburi ya minara, kama lile la Mambrui. Sanduku la bakuli hizo ni mateso matupu kwa wachezaji: kila wakikimbia au kuanguka, rusha dadu uone ngapi zimepona. Na mnunuzi akiwa Arabuni, wangoje upepo wa kusi uvume ndipo jahazi liondoke. Miezi hiyo ya kungoja wataificha wapi hazina yao?

Pete na vito vidogo vidogo sipotezi navyo muda. Vipe bei, songa mbele.

Kundi likishakomaa, lipe siwa, yaani baragumu kubwa la watawala wa pwani. Ile ya Pate, iliyohifadhiwa Lamu, ni ya pembe za ndovu na ni ndefu kuliko mtu mzima. Ilipulizwa kwenye shughuli za watawala, na aliyekuwa nayo alionekana kuwa na haki ya kutawala. Mimi nilitunga ya kwangu, ya mji wa kubuni, nikaifukia chini ya ghala bovu. Haina uchawi hata chembe. Haiuziki pia, kwa sababu kila mtu anajua ni ya nani. Ukiirudisha umemchagua mfalme, ukiipuliza umejitangaza wewe.

Wangu wameilaza kwenye mtumbwi, wameifunika makuti, na huu ni mwezi wa pili hawajakubaliana.