Fimbo moja ya kurusha na ya kudundisha chambo

Kaka, umeuliza kama fimbo moja ya kuvulia samaki inatosha kurusha chambo ukiwa ukingoni na pia kukidundisha, yaani kukipandisha na kukishusha wima chini ya mtumbwi, ukitoka Nairobi kwenda Sagana na Masinga wikendi. Inatosha, ila umbali wa kurusha utapungua kidogo.

Fimbo ndefu hurusha mbali. Ile ya kudundisha hutaka ufupi, maana unapandisha na kushusha mkono siku nzima karibu na ubavu wa mtumbwi, na urefu unachosha kiwiko. Mimi ningechukua ya mita 2.1, ya kaboni, nguvu ya wastani, inayopinda karibu na ncha tu. Ncha hiyo ndiyo inayokuambia kama risasi ya kuzamisha chambo imegusa mwamba au samaki ameonja. Faibaglasi ni ngumu kuvunjika na bei yake ni nafuu, lakini ni nzito na hisia hupotea njiani.

Soma maandishi yaliyo juu ya mpini: uzito wa chambo. Gramu 10 hadi 30 zinafaa. Maji ya Tana, mto wa huko, yakienda kasi, chambo chepesi hubebwa kabla hakijafika chini, na hapo hakuna kudundisha tena.

Mshipi uwe wa kusukwa, kwa sababu nailoni huvutika na hisia hupotea. Mwishoni tu, karibu na chambo, funga kipande cha nailoni, maana mawe ya Sagana hukata mshipi wa kusukwa.

Nunua ya vipande viwili. Ukipanda matatu nayo utanishukuru. Na Masinga kuna mamba, usisimame majini.