Nyaya kichwani mwa mtoto njiti

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Nimejifungua binti kwa wiki 29, gramu 1,150. Siku ya pili walimbandika nyaya kichwani zikaenda kwenye mashine yenye mistari, kisha daktari akampaka jeli utosini akampiga ultrasaundi. Wanasema picha ni nzuri, lakini watairudia. Mama mkwe anasema utosi wa mtoto hauguswi, na umeme ule utamuunguza ubongo. Kama picha ni nzuri, ya nini kurudia?
Mama Njiti, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mama wa njiti hupewa pole na kila anayeingia wodini, hongera yake ikasahaulika.

Mwambie mama mkwe hivi, kwa heshima zote: mashine ile haimpelekei mtoto umeme. Ubongo wenyewe hutoa umeme kidogo sana, na nyaya huupokea tu, kama kipima joto kinavyopokea joto la kwapani. Ultrasaundi nayo ni mawimbi ya sauti, haina mionzi. Hupitishwa utosini kwa sababu hapo mfupa haujafunga, na daktari hagandamizi. Bibi yuko sahihi kwamba utosi ulindwe, na unalindwa.

Sasa hilo la kurudia. Ndani ya ubongo wa mtoto wa wiki 29 kuna eneo lenye vimishipa vya damu vyembamba mno. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake eneo hilo huwa limeshanywea. Msukumo wa damu ukipanda na kushuka ghafla, vimishipa hupasuka, mara nyingi katika siku 3 za kwanza. Na njiti anaweza kuvuja damu kichwani asionyeshe chochote. Hata degedege lake linaweza kupita mkono usitikisike wala jicho lisigeuke, likaonekana kwenye mstari wa mashine peke yake. Ndiyo maana tunabandika nyaya: kumtazama kwa macho hakutoshi. Ukiona mstari unatulia kisha unachangamka, usishtuke. Kwa umri wake ubongo hufanya kazi kwa vipindi.

Picha nzuri ya siku ya pili haimalizi habari. Damu inaweza kuvuja kesho yake. Tena sehemu ya ubongo iliyokosa damu au oksijeni ya kutosha haionekani mapema. Vifuko vya maji hujitokeza wiki 2 hadi 4 baadaye. Kwa hiyo wakikuita kwa picha nyingine, usikatae.

Damu ikionekana, uliza ni daraja la ngapi. Yapo 4. Katika daraja la 1 na la 2 damu hunyonywa na mwili, na wengi wa watoto hao hukua vizuri. La 3 damu imetanua vyumba vya maji vya ubongo. La 4 imeingia kwenye nyama ya ubongo wenyewe. Hapo kichwa hupimwa mzingo kwa futikamba mara kwa mara, maana maji yakijaa huenda akahitaji upasuaji. Ubongo ulioumia haturudishi ulivyokuwa, lakini degedege hutulizwa kwa dawa na mazoezi ya viungo huanza mapema.

Inaniuma mama anapoachwa akodolee nyaya bila kuelezwa neno. Daktari akipita, uliza. Ni mtoto wako.

Na nyaya zisikuzuie kumbeba kifuani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8 waliowekwa kangaruu, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa hadi watengemae. Mwombe muuguzi akupangie nyaya, umbebe.

Mkiruhusiwa, usikose kliniki. Huko umri wake uhesabiwe tangu tarehe uliyotarajiwa kujifungua: akiwa na miezi 6 tangu azaliwe, mtegemee afanye ya mtoto wa miezi 3 na nusu. Jirani akisema mbona hajakaa, mjibu hivyo.