Wasomaji Wanauliza: Tanga Mjini na Lushoto, Yanayosemwa na Yaliyopo

SWALI: Nimepangiwa kazi Lushoto, na mwenzangu amepangiwa Tanga mjini. Hapa tulipo kila mtu ana lake la kutuambia. Eti watu wa Tanga ni wavivu, wanashinda barazani, na mume wangu akikaa kule hatarudi kwa "mambo ya Tanga". Lushoto nako eti ni Ulaya ndogo, watu wachapakazi ila wabahili. Tuamini lipi, na tujiandae vipi?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hongereni kwa kazi, dada. Tuanze na hilo la uvivu, maana ndilo linalosemwa zaidi na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli.

Mgeni hushuka kwenye basi Tanga saa nane mchana, jua kali, hewa nzito ya bahari. Anapita mtaa wa Ngamiani, anaona wanaume wamekaa barazani, basi keshatoa hukumu. Hajui kwamba wengi wao wamesharudi kutoka kazini. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, na kazi yake hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa haushindi ule wa mwezi na dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku za mwezi mpevu chombo hukaa pwani na watu hushona nyavu. Wavuvi wengine hufuata maji, na saa za maji kujaa na kupwa husogea kila siku. Mama wa vitumbua aliamka saa tisa usiku. Mwambie mwenzako aende dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotua, saa kumi na mbili asubuhi, wakati samaki wanapigwa mnada, ndipo aamue nani mvivu.

Jina hilo lina chanzo kingine kinachouma zaidi. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba yaliyotaifishwa kuanzia 1967 mengi yakageuka pori. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama sehemu moja ya kumi. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa 1972 nacho kikafungwa. Mtu aliyefungiwa mlango wa kiwanda akikaa barazani, si haki kumwita mvivu, na sisi hatutachoka kulisema hilo.

Na "mambo ya Tanga"? Mashamba ya mkonge yalijaa manamba, vibarua wa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Wengi mkataba uliisha wakabaki, wakaoa, wakajenga. Kwa ndugu waliosubiri kule nyumbani, kusema "amelishwa limbwata" kulikuwa kwepesi kuliko kukubali kwamba ameamua kutorudi. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huohuo, ikaufanya usikike kila mahali kama mji wa mapenzi. Mumeo atarudi, dada, mkiwa mnaelewana.

Lushoto iliitwa Wilhelmstal wakati wa Wajerumani, na hapo ndipo ilipotoka ile "Ulaya ndogo". Watu huenda mbali zaidi wakadai Wasambaa walifundishwa kazi na Wazungu. Si kweli. Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Usambara mwaka 1848 alikuta dola ya mfalme Kimweri yenye utawala wake na watu wanaolima milima. Kinachoonekana leo kama uchapakazi wa ajabu ni kalenda: mahindi, maharage na migomba mtelemkoni kwa mvua, mboga bondeni kwa maji ya mifereji wakati wa kiangazi. Shamba halina likizo. Ubahili nao una maelezo. Pesa ya kabichi huja kwa mkupuo, na kabla haijafika mkononi imeshagawiwa kwenye mbegu, mbolea na dawa za msimu unaofuata. Mtu huyohuyo asiyekukopesha elfu tano atakufungia mkungu wa ndizi uende nao nyumbani.

Sasa maandalizi. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya bahari. Kila mita 100 unazopanda joto hupungua karibu nyuzi 0.6, kwa hiyo tarajia tofauti ya nyuzi nane au tisa na Tanga. Juni hadi Agosti beba sweta, soksi na blanketi zito. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata siku moja. Moshi ukiisha, hewa ya sumu isiyo na harufu hubaki, na wanaolala nayo wanaweza wasiamke. Maji huchemka karibu nyuzi 95 tu kule, ndiyo maana maharage hayaivi upesi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha upike na mfuniko.

Malaria ndiyo mnayotakiwa kuiangalia hasa, kwa kuwa mtakuwa mnatembeleana. Baridi ya milimani huchelewesha vimelea kukua ndani ya mbu, kwa hiyo maambukizi huwa machache kuliko pwani. Mtoto akikulia Lushoto kinga yake huwa ndogo, na akishuka Tanga likizo anaweza kuugua vibaya. Chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza. Akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi mlimani, apimwe siku hiyohiyo, na mwambieni mhudumu kwamba alikuwa pwani.

SWALI: Nanunua nyanya Lushoto nauza Tanga mjini. Kila safari matenga ya chini yanaoza. Wauzaji wananiambia wakulima wa kule wajanja, wanaweka mbovu chini. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Tanga*

JIBU: Wapo wa namna hiyo, kama walivyo kila soko, lakini mara nyingi kosa ni la kununua nyanya nyekundu. Iliyoiva vizuri kwenye baridi ya mlimani, ukiishusha kwenye joto la pwani huendelea kuiva kwa kasi na kulainika, halafu uzito wa juu unaiponda. Ikipasuka moja, maji yake huozesha za jirani.

Nunua zile zinazoanza kubadilika rangi tu. Zichumwe asubuhi umande ukishakauka, zisioshwe, na zikae kivulini. Tandika nyasi kavu chini na pembeni mwa tenga, usijaze kupita ukingo, na weka vipande vya mbao kati ya tenga na tenga ili la juu likalie mbao. Pakia jioni, gari lisafiri usiku. Ni kama kilomita 160 kupitia Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, utawahi soko la alfajiri. Fungua tenga moja la chini mbele ya mkulima kabla ya kulipa. Hilo litamaliza maneno ya ujanja.

SWALI: Gari langu dogo lilipoteza breki nikishuka kutoka Lushoto, kanyagio likawa laini kabisa. Fundi anasema breki ni nzima. Tatizo nini?
*Dereva, Korogwe*

JIBU: Breki zilichemka. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona na mteremko. Ukikanyaga breki mfululizo, mafuta yake hupata moto hadi yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea badala ya kusukuma. Yakipoa breki hurudi, ndiyo maana fundi hakuona kitu. Mafuta ya zamani yenye unyevu huchemka mapema zaidi, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Shuka na gia ya pili, au L kwa gari la otomatiki, uiachie injini ikushike. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama Soni dakika 20. Usimwagie maji magurudumu yakiwa ya moto, diski zitapinda au kupasuka.