Sataranji si drafti: usiilazimishe programu kula

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naandika programu ya sataranji kwa lugha ya C, kujifurahisha tu. Ilikuwa ikitazama hatua 4 mbele, na mara kwa mara malkia wake alikuwa anakula askari anayelindwa. Nikashauriwa kwamba kina kikiisha iendelee kutafuta hatua za kula peke yake. Nimefanya hivyo, na sasa inacheza vibaya zaidi: inakimbia hali zisizo na ubaya wowote, halafu imekuwa nzito. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukunitumia msimbo, lakini dalili hizi nazijua. Nahisi umekulia kwenye drafti. Kule kula ni lazima. Kwenye sataranji hakuna anayekulazimisha, na programu yako haijaambiwa hilo.

Chukua malkia mweupe aliye d2, askari mweusi d5, na askari mwenzake e6 anayemlinda. Askari ana thamani 100, malkia 900, na nguvu za pande zote ziko sawa, yaani 0. Programu yako ya kwanza, hatua ya mwisho ikiangukia malkia kula d5, ilihesabu +100 ikafunga daftari. E6 kumla malkia haikuiona. (Claude Shannon alishalionya hili katika makala yake ya 1950: hali ya mchezo ipimwe ikiwa imetulia.) Programu ya sasa, kina kikiisha malkia akiwa bado d2, inaorodhesha hatua za kula, inakuta moja tu, inaifuata, malkia analiwa, inarudi na −800. Mchezo ulio sawa umeandikwa kuwa ni msiba. Ndiyo maana inaukimbia.

Kinachokosekana ni haki ya kukataa kula. Kabla ya kugusa hatua yoyote, pima hali kama ilivyo (alfa ni alama bora ambayo mwenye zamu ameshajihakikishia, beta ni kikomo ambacho mpinzani hatamruhusu akivuke):

thamani = pima(bao)
ikiwa thamani >= beta: rudisha beta
ikiwa thamani > alfa: alfa = thamani

Baada ya hapo ndipo ujaribu kula. Kwa mfano wetu, 0 inasimama na −800 inatupwa. Hakikisha tu kwamba pima() inatoa alama kwa jicho la mwenye zamu. Ikitoa kwa jicho la mweupe siku zote, mweusi atacheza kama mlevi.

Kuna mahali pamoja haki hii haipo: mfalme akiwa anatishiwa. Kusimama bila kula ni kudai kwamba ipo angalau hatua moja ya kawaida isiyokuharibia, na mfalme aliyebanwa hana uhakika huo. Hapo usipime, zalisha njia zote za kumwokoa, za kula na zisizo za kula. Zikikosekana kabisa, amefungwa, rudisha alama ya kushindwa. Kuongeza hatua za wewe kumtishia mfalme wa mwenzako, achana nako kwa sasa: idadi ya hatua hulipuka usipoiwekea kikomo.

Uzito karibu wote unatokana na mpangilio wa kujaribu hatua za kula. Anza na anayeliwa mwenye thamani kubwa, na wakilingana, mlaji wa thamani ndogo atangulie: askari kumla malkia mwanzo, malkia kumla askari mwisho. Ukishazoea, andika funksheni ya kuhesabu mabadilishano kwenye nyumba moja, nani anakula, nani analipiza, hadi walaji waishe. Malkia kula d5 inatoka na hasara ya 800 bila kusogeza kete hata moja, unairuka. Mimi niliiandika mara tatu kabla haijakaa sawa, kwa sababu nilikuwa nasahau ngome iliyojificha nyuma ya ngome.

Askari anayegeuka malkia mwingize kwenye orodha hata kama hakuna anachokula.

Kabla ya yote, kagua kizalishaji chako cha hatua. Kuanzia mpangilio wa mwanzo wa mchezo, kina cha 4 lazima kitoe njia 197,281, na katika hizo 1,576 ziishie kwa kula. Kina cha 5 ni 4,865,609, zikiwemo 258 zinazoishia kwa askari kumla mwenzake aliyempita kwa kuruka nyumba mbili, ambazo wengi huzisahau. Namba zikikataa, usihangaike na alfa wala beta. Kosa liko kwenye kuzalisha hatua.