Mechi mnaiona nyinyi, mimi siioni

Wadogo zangu wa Kondele, Kisumu, nimesoma mliyoandika kwenye WhatsApp ya familia: eti niko Manchester, kila Jumamosi niko uwanjani, na uchoyo umenizidi hadi siwatumii hata picha. Neno hilo la uchoyo limeniuma.

Mechi za Jumamosi saa tisa alasiri hazionyeshwi kwenye televisheni za huku. Ni kanuni ya tangu miaka ya 1960: kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo hakuna mechi inayorushwa moja kwa moja, ili watu watoke waende kuvijaza viwanja vya timu ndogo. Hapo kwenu ni saa kumi na moja jioni, au kumi na mbili wakati wa baridi ya huku, na mechi hiyo hiyo mnaitazama sebuleni kwa mama, kwa king'amuzi ninacholipia mimi. Nalipa kwa moyo mweupe. Mama akinipigia na kusema vijana walijaa hadi wakaketi sakafuni, siku yangu inakuwa njema. Lakini msiniambie tena kwamba mimi ndiye ninayeona mpira.

Na hata ingeonyeshwa, Jumamosi niko kazini. Nahudumia wazee. Mnapopiga kelele za bao, mimi nimevaa aproni ya plastiki na glavu, namgeuza mzee wa watu ubavu ili nimsafishe na kumbadilishia nepi. Simu inabaki kwenye kabati, matokeo nayapata usiku nikiwa ndani ya basi. Kuna mzee ambaye kila wikendi huniuliza kama Bobby Charlton, yule nyota wa zamani wa Manchester United, anacheza leo. Charlton alifariki 2023. Mimi humwambia anacheza, naye anakula chakula chote. Huyo nampenda. Kuna mwingine hataki nimguse kwa sababu ya rangi yangu. Yeye akihitaji kuoshwa namwita mwenzangu, halafu nasimama mlangoni na taulo mkononi mpaka amalize.

Mtaniuliza kwa nini nisiache. Viza yangu inategemea mwajiri. Nikiondoka, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kuajiri wageni, la sivyo afunge mizigo. Kwa hivyo mtu anameza mengi.

Sasa yule ajenti anayewaitisha pesa eti awalete huku kuhudumia wazee. Tangu Machi 11, 2024, mhudumu wa wazee anayeingia upya haruhusiwi kuja na mke wala mtoto. Na tangu Julai 22, 2025, waajiri wamezuiwa kabisa kuwaleta wahudumu wapya kutoka nje. Huo mlango umefungwa, jamani! Akisema nafasi zipo, anawaibia. Msiuze shamba la Seme. Msiguse pesa za chama cha mama. Kaeni nyumbani, fanyeni biashara soko la Kibuye, oeni, mlee watoto wenu mkiwaona.

Lakini wewe kitinda mimba unayesomea uuguzi, maliza, usajiliwe, ufanye mitihani ya Kiingereza, kisha uje. Wauguzi waliosajiliwa bado wanachukuliwa. Njoo, nitakupokea. Karo yako imetoka kwa kazi hii ninayoilalamikia, na paa la nyumba ya mama pia, siwezi kusema haina faida. Beba sweta nzito. Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi, hata kama anayekuharakisha ni mtu wa kanisa lenu.

Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walipoilaza Morocco 1-0 pale Kasarani Agosti 2025, mlinitumia sauti za watu wakiimba barabarani. Nilizisikiliza mpaka betri ikaisha. Vitu kama hivyo ndivyo ninavyovitaka, hizo picha za uwanja wa Manchester mtazipata popote. Gor Mahia wakicheza na Ingwe, yaani AFC Leopards, tena, nipigieni, muiweke simu karibu na televisheni nisikilize hadi mwisho. Bando nitawanunulia.